Kupima chumvi ya bahari katika maji ya kisima kwa kwinini na mwanga wa urujuanimno

Kisima cha pwani huanza kuingiwa na bahari muda mrefu kabla ulimi haujatambua. Ladha ya chumvi huhisiwa kloraidi inapofika miligramu 200 hadi 300 kwa lita, na aliyekulia kwenye kisima hicho huenda asihisi lolote hata hapo. Maji ya bahari yana kloraidi ya takribani miligramu 19,000 kwa lita. Asilimia moja tu ikichanganyika na maji matamu ya ardhini, tayari umeongeza kama 190. Mwenye kisima Kigamboni, Jambiani au Likoni anayetaka kujua kama pampu yake inavuta bahari anahitaji namba.

Mita ndogo za TDS zinazouzwa madukani hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha hukadiria jumla ya chumvi zote. Hazikuambii kama chumvi hizo ni chokaa ya mawe ya matumbawe, magadi au bahari. Kihisi tunachokijenga hapa hufuata kloraidi, na hufanya kazi vizuri kati ya miligramu 20 na 800 kwa lita. Ukihitaji cheti au una kesi ya maji, nenda maabara wakapime kwa nitrati ya fedha. Kwa kufuatilia kisima chako mwezi hadi mwezi, hiki kinatosha.

Kwinini inang'aa, kloraidi inaizima

Kwinini iliyo ndani ya asidi hunyonya mwanga wa urujuanimno, hasa karibu na nanomita 350, hukaa na nishati hiyo kwa takribani nanosekunde 20, halafu huitoa kama mwanga wa buluu wenye kilele karibu na nanomita 450. Ndiyo maana maji ya toniki hung'aa buluu chini ya taa ya kukagulia noti. George Gabriel Stokes aliuchunguza mng'ao huu kwa myeyusho wa kwinini mwaka 1852, na jina floresensi ndiye aliyelitunga.

Ioni ya kloraidi ikigongana na molekuli ya kwinini ndani ya zile nanosekunde 20, nishati huishia kuwa joto na mwanga hautoki. Kwinini yenyewe haiharibiki, na baada ya hapo inaweza kunyonya mwanga tena. Kloraidi ikizidi, migongano inazidi na buluu inafifia. Otto Stern na Max Volmer walitoa mlinganyo wake mwaka 1919:

F0 ÷ F = 1 + K × C

F0 ni mwanga wa kwinini bila kloraidi, F ni mwanga ukiwa na sampuli, C ni kloraidi kwa miligramu kwa lita, na K ni namba utakayoipata mwenyewe kwa kusawazisha chombo chako, yaani kukijaribu kwa maji ambayo kloraidi yake unaijua. Kwa vipimo vya mwongozo huu K huangukia karibu na 0.003. Maana yake, kloraidi ya 100 hupunguza mwanga kwa uwiano wa 1.3, ya 200 kwa 1.6, ya 400 kwa 2.2, na ya 800 kwa 3.4.

Huhitaji kujua taa yako ina nguvu kiasi gani, kwa kuwa unachopima ni uwiano wa namba mbili. Lakini uwiano huo una adui wawili, nao ndio watakaokusumbua kuliko saketi: mwanga wa buluu usiotoka kwenye kwinini, na kloraidi isiyotoka kisimani.

Vitu vya kutafuta

- LED ya nanomita 365, milimita 5. Hakikisha ni 365. Nyingi zinazouzwa kwa jina la UV (urujuanimno) ni za 395 au 405, zinang'aa zambarau kali machoni lakini kwinini haiushughulikii sana mwanga huo. LED ya 365 huonekana hafifu ukiitazama pembeni, ilhali karatasi nyeupe chini yake inawaka.
- Moduli ya kihisi cha rangi TCS34725. Ina njia ya buluu peke yake na tayari ina chujio la kuzuia infraredi.
- Bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kuendeshea saketi) au inayofanana nayo, rezista ya omu 100, na waya.
- Kipande cha polikaboneti (plastiki ngumu) angavu, kwa mfano kilichokatwa kutoka miwani ya usalama ya fundi. Hiki huzuia mwanga wa 365 na kupitisha buluu.
- Vichupa vya kioo angavu vya mililita 10, vile vya dawa ya sindano, viwili au vitatu vinavyofanana.
- Kipande cha mbao ngumu cha milimita 60 kwa 60 kwa 70, na rangi nyeusi isiyong'aa. Rangi ya ubao wa darasani ni nzuri sana.
- Maji ya toniki angavu yasiyo na rangi, ambayo orodha ya viungo inataja kwinini. Ya bila sukari ni bora kwa sababu hayanati kwenye vyombo.
- Asidi ya betri mpya, yaani asidi ya salfuriki ya msongamano kati ya 1.25 na 1.28. Usitumie iliyotolewa kwenye betri kuukuu, ina risasi na chuma.
- Maji yaliyotoneshwa, lita 2.
- Chumvi ya mezani, mizani ya sonara yenye usahihi wa gramu 0.01, sirinji za mililita 1, 5, 10 na 50.
- Glavu, miwani, na magadi ya kuokea.

Angalia sana dukani: kwa jina la "maji ya betri" wengine huuza maji yaliyotoneshwa na wengine huuza asidi. Soma lebo, na kama haina lebo usinunue.

Kutengeneza kasha la kupimia

Toboa tundu la kichupa kutoka juu ya mbao, upana wa milimita 25 hivi, kichupa kiingie bila kuchezacheza. Kina kiwe milimita 50. Kisha, milimita 15 juu ya sakafu ya tundu hilo, toboa tundu la LED la milimita 5 kwa mlalo, lipite katikati ya kichupa na litokee upande wa pili wa mbao. Wengi huacha kutoboa hadi upande wa pili na hapo ndipo kasha linapoharibika. Mwale wa LED ukigonga ukuta ulio karibu, sehemu yake inarudi kuelekea kihisi. Ukiuacha uende mbali kwenye tundu refu jeusi lililozibwa mwishoni kwa utepe mweusi, unafia huko.

Tundu la kihisi litobolewe kwa pembe ya nyuzi 90 kutoka lile la LED, kimo kilekile, upana wa milimita 8. Sababu ya nyuzi 90 ni kwamba mng'ao wa kwinini hutoka pande zote, lakini mwale wa LED huenda mbele tu. Ukiwa pembeni unauona mng'ao bila kutazama taa.

Paka rangi nyeusi matundu yote, tabaka mbili, na uache ikauke kabisa. Usitandike karatasi nyeupe wala kadi ndani: karatasi nyeupe ina kemikali za kung'arisha ambazo hutoa buluu ileile ya nanomita 450 na kihisi hakitajua tofauti. Mbao tupu nayo hung'aa kidogo, ndiyo maana hairuhusiwi kubaki wazi popote. Utaratibu wa kukagua: ingia chumba chenye giza, mulika ndani ya kasha kwa taa ya UV, tafuta popote panapowaka buluu.

Weka kipande cha polikaboneti mdomoni mwa tundu la kihisi, upande wa kichupa. Ukiweza kupata kioo cheusi cha ZWB2 kinachotolewa kwenye tochi za UV, kiweke mbele ya LED. Kazi yake ni kukata ule mkia wa zambarau na buluu ambao LED ya bei nafuu huutoa pamoja na 365.

Kifuniko kiwe kopo jeusi linaloshuka hadi chini ya usawa wa matundu. Mwanga wa chumbani ukivuja utaona namba zinapanda na kushuka kila mtu akipita karibu na dirisha.

Waya

Kwenye Uno: VIN ya moduli kwenda 5V, GND kwenda GND, SDA kwenda A4, SCL kwenda A5. Pini ya moduli iliyoandikwa LED lazima iunganishwe na GND. Moduli hizi zina taa nyeupe yake yenyewe, na bila waya huo itabaki inawaka muda wote na utapima taa hiyo badala ya kwinini.

LED ya UV: pini ya 8, rezista ya omu 100, mguu mrefu wa LED, kisha mguu mfupi kwenda GND. LED hizi hula volti 3.5 hivi, kwa hiyo mkondo utakuwa kama miliampia 15, kiasi ambacho pini ya Uno inakimudu.

Programu ifanye mzunguko huu: soma njia ya buluu LED ikiwa imezimwa, washa LED, subiri milisekunde 500, soma mara 20 na chukua wastani, zima LED, toa ile namba ya giza, andika jibu. Muda wa kukusanya mwanga uwe milisekunde 154 au zaidi, maana chini ya hapo kihisi hakiwezi kufika kiwango chake cha juu cha 65,535. Ukuzaji wa kihisi (gain) anza na 4, halafu panda 16 au 60 mpaka kichupa cha kwinini tupu kisomeke kati ya 20,000 na 50,000.

Usiiache LED ikiwaka mfululizo. Ikipata joto mwanga wake hupungua, na tofauti ya dakika ya kwanza na ya tano inatosha kukupa kloraidi ya uongo. Chanzo cha umeme nacho kisibadilishwe katikati ya kazi: chaja ya simu na USB ya kompyuta hazitoi volti sawasawa, na LED inayoendeshwa kupitia rezista hufuata volti hiyo. Anayetaka kumaliza tatizo hilo aendeshe LED kwa kidhibiti cha umeme LM317 na rezista ya omu 82 kutoka volti 9. Atapata miliampia 15 zisizoyumba, na Arduino iwe inawasha na kuzima kupitia transista.

Kuchanganya kitendanishi

Vaa glavu na miwani. Asidi ya betri hutoboa nguo na kuunguza ngozi. Daima asidi humiminwa kwenye maji, kamwe maji hayamiminwi kwenye asidi.

1. Toa gesi kwenye toniki. Mimina mililita 100 kwenye bilauri pana, koroga, iache saa kadhaa au ipashe moto hadi ivuke mvuke kidogo, kisha ipoe. Gesi iliyobaki itakuletea viputo kwenye kichupa.
2. Pima mililita 50 za toniki hiyo na mililita 40 za maji yaliyotoneshwa kwenye chupa safi.
3. Ongeza mililita 10 za asidi ya betri polepole huku ukizungusha chupa. Itapata joto kidogo.
4. Iache ipoe hadi joto la chumba. Hiki ndicho kitendanishi. Andika lebo: kwinini na asidi, tarehe, sumu, isinywewe.
5. Kwenye chupa ya pili changanya mililita 90 za maji yaliyotoneshwa na 10 za asidi, bila toniki. Hii tuiite asidi tupu. Utaona umuhimu wake chini.

Marekani hairuhusu toniki kuzidi miligramu 83 za kwinini kwa lita, na nyingi ziko chini ya hapo. Kwa mchanganyiko huu, ukiweka sehemu 1 ya kitendanishi kwa sehemu 9 za sampuli, kwinini inabaki miligramu 3 hadi 4 kwa lita. Kiasi hicho ni kidogo makusudi. Ukiongeza kwinini ukidhani utapata mwanga zaidi, sehemu ya mbele ya kichupa itanyonya urujuanimno wote na katikati, mbele ya kihisi, patabaki giza.

Asidi nayo haibadilishwi. Asidi ya hidrokloriki iliyo kwenye dawa za kusafishia choo ni kloraidi yenyewe: ukiitumia, kwinini inazimika kabla hujaweka sampuli.

Vipimo vya kusawazishia

Kausha chumvi ya mezani kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo dakika 15, kwa sababu chumvi ya pwani huvuta unyevu na unyevu huo utaupima kama chumvi. Madini joto yaliyotiwa kwenye chumvi ni kidogo mno kuathiri kitu.

Pima gramu 8.24, yeyusha kwenye maji yaliyotoneshwa, fikisha mililita 500. Hiyo ni kloraidi ya miligramu 10,000 kwa lita. Chukua mililita 50 za hiyo, fikisha 500, upate 1,000. Kutoka hapo, kwa kila chupa ya mililita 100:

- 5 ml za 1,000, ongeza maji hadi 100: kloraidi 50
- 10 ml: 100
- 20 ml: 200
- 40 ml: 400
- 80 ml: 800
- Maji yaliyotoneshwa peke yake: 0

Ile ya 0 ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa F0 inatoka humo na F0 imo katika kila hesabu. Kama maji yako "yaliyotoneshwa" yana kloraidi ya 20, F0 imeshapungua kwa asilimia 6 hivi na kila jibu litakuwa chini ya ukweli. Nunua ya wauzaji wawili, pima zote kwa kitendanishi kimoja, tumia yanayotoa mwanga mkubwa. Maji ya mvua ya bati mjini pwani hayafai, upepo wa bahari hubeba chumvi hadi kwenye mapaa. Maji ya kunywa ya chupa nayo yana madini yake.

Kupima

Kanuni ni mililita 45 za sampuli kwa mililita 5 za kitendanishi. Inawezekana kutumia 9 kwa 1 kama sampuli ni kidogo, ila kosa la kitendanishi linaingia moja kwa moja kwenye jibu: ukizidisha kwa asilimia 3, mwanga unazidi kwa asilimia 3. Kwenye sirinji ya mililita 1 kiputo kimoja cha hewa kinatosha kufanya hivyo. Mwenye mizani ya sonara apime kitendanishi kwa uzito kila mara. Ni haraka kuliko kusoma mistari ya sirinji.

1. Weka chupa zote, za vipimo na za sampuli, chumba kimoja kwa saa moja zifikie joto moja. Joto likipanda, kwinini yenyewe hupungua kung'aa na migongano ya kloraidi huongezeka. Sampuli iliyotoka juani na kipimo kilichotoka kwenye friji havilinganishiki.
2. Changanya kila kimoja kwenye kikombe chake safi, zungusha mara kumi.
3. Subiri dakika 5. Maji ya kisima cha mawe ya matumbawe yana bikaboneti nyingi, asidi huigeuza gesi na viputo hukaa ukutani mwa kichupa. Gonga kikombe kwa kidole hadi viputo vipande juu, na kichupa vilevile ukishakijaza.
4. Suuza kichupa mara mbili kwa mchanganyiko unaokwenda kuupima, kisha jaza hadi alama uliyoichora ubavuni mwa kichupa.
5. Futa nje kwa karatasi laini. Shika shingoni tu.
6. Ingiza kichupa, alama uliyochora ikitazama upande uleule kila mara. Kioo cha vichupa hivi hakina unene sawa pande zote, na kukigeuza kunaweza kubadilisha namba kwa asilimia kadhaa.
7. Funika, soma mara tatu, andika zote.
8. Kila baada ya sampuli tano rudia ile ya 0. Ikiwa imehama zaidi ya asilimia 2, simama utafute sababu.

Sasa ile asidi tupu. Kwa kila sampuli changanya pia mililita 45 za sampuli na mililita 5 za asidi tupu, usome. Hapo hakuna kwinini, kwa hiyo chochote kitakachosomeka ni mwanga wa kuvuja, matope yanayotawanya mwale, au majani yaliyooza kwenye maji ambayo nayo hung'aa buluu. Namba hiyo tuiite B. Itoe.

Mfano. Maji yaliyotoneshwa na kwinini yamesomeka 41,200, na B yake ni 1,200. F0 ni 40,000. Sampuli imesomeka 26,300, na B yake 1,300. F ni 25,000. Uwiano ni 1.6. Toa 1, gawa kwa K ya 0.003, jibu ni miligramu 200 kwa lita. Kwa kuwa vipimo vya kusawazishia na sampuli vyote vimepunguzwa na kitendanishi kwa kiasi kilekile, huhitaji kuzidisha chochote zaidi.

K unaipata kwa kuchora uwiano F0 ÷ F dhidi ya kloraidi kwenye karatasi ya miraba au programu ya lahajedwali. Mstari unapaswa kunyooka na kukata karibu na 1. Mteremko ndio K. Isawazishe upya kila unapochanganya kitendanishi kipya.

Mstari ukikataa kunyooka

Ukipinda kuelekea chini kwenye vipimo vya juu, karibu kila mara ni mwanga wa kuvuja usiotolewa. Chukua uvujaji wa asilimia 5 ya F0: kipimo cha 800 kinachostahili uwiano wa 3.4 kitakupa 3.05 tu, ilhali kile cha 50 hakitaonyesha dalili yoyote. Ndiyo sababu mtu husawazisha kwa vipimo vya chini, akaridhika, halafu kisima chenye chumvi nyingi kikamdanganya. B ikizidi asilimia 5 ya F0 rudi kwenye kasha: rangi nyeusi iliyobanduka, polikaboneti iliyochomoka, au kichupa kilichooshwa kwa sabuni ya unga. Sabuni ya kufulia ina vile ving'arishi vya karatasi nyeupe na hushika kwenye kioo. Osha kwa maji, suuza kwa asidi tupu, kisha maji yaliyotoneshwa.

Pointi zikitawanyika ovyo bila mpangilio, tatizo ni mkono: sirinji, viputo, kichupa kugeuzwa. Rudia kipimo kimoja mara tano kwa kukichanganya upya kila mara. Majibu matano yakitofautiana zaidi ya asilimia 3, usiendelee na sampuli.

Namba zikishuka taratibu mchana kutwa, angalia kitendanishi kilichoachwa mwangani. Urujuanimno wa jua huila kwinini.

Sampuli ya kwanza ikiwa juu kuliko ulivyotarajia na ya marudio ikawa chini, shuku jasho. Lina kloraidi nyingi, na kidole kilichozamishwa kikombeni kinatosha.

Maji yenye klorini ya kuua vijidudu yana tatizo la aina nyingine. Ndani ya asidi klorini hiyo huweza kushambulia kwinini, mwanga ukashuka na ukadhani ni chumvi. Acha sampuli wazi usiku kucha kabla ya kupima, au chukua sampuli kabla ya kisima kutiwa dawa.

Maji ya rangi ya chai au yenye kutu hunyonya urujuanimno wenyewe, na B haisahihishi hilo. Chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha yapunguze nusu kwa maji yaliyotoneshwa na upime tena. Jibu likiwa nusu ya la kwanza, ni dalili nzuri. Likiwa pungufu sana ya nusu, rangi ilikuwa inasoma kama chumvi. Endelea kupunguza hadi majibu yakubaliane. Sampuli inayozidi 800 nayo ipunguzwe mara 10, usijaribu kuurefusha mstari.

Bromidi na iodidi huzima kwinini kwa nguvu kuliko kloraidi, lakini katika maji ya bahari bromidi ni kama miligramu 67 tu kwa lita mbele ya kloraidi 19,000, hivyo haibadilishi picha.

Kuna jaribio moja linalofichua mengi ya makosa ya aina hii. Chukua mililita 99 za sampuli, ongeza mililita 1 ya ule myeyusho wa 10,000. Umeongeza kloraidi ya 100 kwa lita. Chombo kikionyesha ongezeko kati ya 90 na 110, huenda hakuna kitu ndani ya maji hayo kinachokuhadaa.

Kuchukua sampuli kisimani

Maji matamu huelea juu ya maji ya bahari ardhini, kwa hiyo ndoo inayochota juu itakupa kloraidi ndogo kuliko pampu iliyozama chini. Chagua njia moja na uishike. Kwa pampu, endesha angalau dakika 10 kabla ya kukinga. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya kisima hicho, jaza, funga, andika saa.

Kwenye visima vilivyo karibu na ufuko, pima wakati wa bamvua na pia wakati wa maji mafu, na uandike kama bahari ilikuwa imejaa au imekupwa. Bila hilo huwezi kujua kama kloraidi imepanda kwa sababu ya pampu au kwa sababu ya mwezi. Namna nzuri ya kujua kosa ni la pampu: pima mwanzo wa kuvuta, baada ya saa moja, na baada ya saa tatu. Ikipanda kila mara, unavuta kwa kasi kuliko maji matamu yanavyorudi. Punguza kasi au vuta kwa vipindi vifupi. Kumbuka pia kwamba kloraidi haisemi lolote kuhusu vijidudu, na choo kilicho karibu nacho huongeza kloraidi kupitia mkojo, hivyo kisima kilicho mbali na bahari chenye kloraidi inayopanda kinahitaji kupimwa bakteria.

Mabaki

Mwaga mabaki yote kwenye ndoo moja ya plastiki. Mwisho wa kazi nyunyiza magadi ya kuokea kidogo kidogo hadi yaache kuchemka povu, kisha mwaga mbali na kisima. Kitendanishi hifadhi kwenye chupa ya kahawia au iliyofungwa karatasi ya alumini, juu, mbali na watoto na mbali na vinywaji. F0 yake ikishuka zaidi ya asilimia 10 kutoka siku ya kwanza, changanya kingine.